Korongo Lililofyekwa kwa Ngoma

Ile keekee ndefu ya kutobolea udongo niliyoiacha stoo, yenye alama ya moto kwenye mpini, msiipake grisi. Najua mtaipaka, maana kila kijana anayeingia kazini akiona chuma kikavu hudhani kimesahauliwa. Grisi huingia kwenye udongo, na udongo wenye grisi haumwambii mtu kitu. Ifuteni kwa kitambaa kikavu, iwekeni kivulini, basi. Nimestaafu majuzi tu na tayari mikono inaniwasha kwa kukosa cha kushika, kwa hiyo nimeona niwaandikie haya kabla sijaanza kuwasumbua wajukuu. Vyeo na mishahara sitavitaja. Watu hugombana juu ya hayo bila msaada wangu.

Nilianza kazi ya udongo Shinyanga wakati vita vya pili vya Wazungu vimepamba moto huko kwao, nami nikiwa baba wa watoto watatu tayari. Kwetu ni Tabora. Kabla ya hapo nilikuwa nikivuta mnyororo wa kupimia barabara. Niliambiwa kazi mpya ni ya ofisi ya kilimo, na neno ofisi nikalielewa nilivyotaka mwenyewe, nikaripoti nimevaa raba nyeupe na kaptula iliyopigwa pasi. Aliyenipokea alikuwa Bwana Elikana, mtu wa Ukerewe, msimamizi wa wapima udongo, mrefu, mwenye hasira za karibu. Alinitazama miguuni, akanipeleka moja kwa moja mbugani, na mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Anayeujua ule udongo mweusi wa Shinyanga hahitaji kuhadithiwa. Raba moja niliichomoa kwa mikono miwili, ya pili sijaiona mpaka leo.

"Haya, sasa umeanza kazi," akasema Elikana.

Yeye ndiye aliyenifundisha yote ninayoyajua. Alikuwa akichukua udongo, anautemea mate, anaukanda kiganjani na kuusokota kuwa uzi. Ukikatika upesi una mchanga mwingi, ukikubali kukunjwa kuwa pete ni mfinyanzi. Alinifundisha majina ya wenyeji: luseni, ule mchanga wa juu karibu na mawe, itogolo, ule mgumu wa katikati ambao jembe hulia likiugusa, na mbuga, mweusi wa bondeni. Alikuwa pia akiuonja, na hilo lilinishinda siku nyingi.

"Bwana Elikana, ng'ombe wanapita hapa," nilimwambia.

"Na nyama yao unakula," akajibu, akaendelea kutafuna.

Mkubwa wetu alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Miwani, kwa kuwa alikuwa na miwani mbili na zote mbili alizitafuta kutwa kucha. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda matope kuliko watu, na katika kazi yetu hiyo si kasoro. Ndiye aliyetueleza kwamba matope ya chini ya bwawa hulala kwa matabaka, la zamani chini na la jana juu, kwa hiyo anayeyachoma kwa keekee na kuyatoa bila kuyavuruga anaweza kujua mlimani kulitendeka nini. Jioni moja kambini alituhadithia habari za watu wa kale huko Amerika, Wamaya, waliojenga miji ya mawe ndani ya misitu. Walifyeka miteremko wakalima, mvua ikaushusha udongo, na wataalamu wengine wanaamini kwamba udongo huo ndio uliojaza maziwa yao mpaka mengine yakageuka vinamasi.

Elikana alikuwa akisonga ugali. Hakuinua kichwa. "Walikuwa na ng'ombe?" akauliza.

"Hapana. Ng'ombe hawakuwepo nchi ile."

"Kumbe yawezekana hata bila ng'ombe," akasema Elikana, akapakua.

Tulicheka. Siku zile kila ubaya wa ardhi ya Usukuma ulibebeshwa ng'ombe, na kila mkutano wa kilimo ulimalizikia kwenye kupunguza mifugo.

Vita vilikuwa vimekwisha tulipopata lile shauri la lambo. Kijiji kiko juu kidogo ya Tinde, jina silitaji kwa sababu wenyewe wapo na wana masikio. Lambo, kwa wale mliotoka pwani, ni bwawa la kuchimba kwa mikono, la kukinga maji ya mvua yanyweshe watu na ng'ombe mpaka kiangazi kiishe. Hili walilichimba wenyewe kabla ya vita, mdomo wake ukapokea maji ya korongo moja linaloteremka kutoka mlimani. Miaka ya mwanzo lilishika maji vizuri mpaka mvua nyingine ikalikuta. Kisha likaanza kujaa tope. Kila masika lilipungua kina, mpaka akina mama wakawa wanachota wakiwa wamesimama katikati, maji hayafiki magotini.

Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa na jibu. Ofisi nayo ilikuwa na jibu lile lile. Aliyelaumiwa ni Mzee Ng'wandu, mwenye kundi kubwa kuliko wote, ambaye ng'ombe wake walishuka kunywa kwa njia ya kando ya korongo. Iliamuliwa kwamba wanaparuza ardhi kwa kwato, tope linashuka, kwa hiyo ahame na mifugo yake aende magharibi, upande wa Geita, kwenye nafasi. Nafasi ilikuwepo kweli. Ilikuwepo kwa sababu pori lilikuwa limejaa mbung'o, na ng'ombe aliyeumwa na mbung'o hukonda akiwa anakula. Sisi tulitumwa kuthibitisha. Hatukutumwa kuchunguza, na tofauti ya maneno hayo mawili mtaijua mkidumu kazini.

Tulimkuta Ng'wandu ameketi kwenye kigoda mbele ya zizi, mwembamba, ana tumbaku ya kunusa kiganjani.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Ndio ninyi mliokuja kunifukuza?"

"Tumekuja kuchimba matope tu."

"Ni hayo hayo." Akanusa, akapiga chafya, akafuta macho. "Geita nitafika na ng'ombe, mwanangu. Masika ikipita nitabaki na ngozi. Nimeozesha binti mmoja tu, na vijana wanne hawajaoa. Nikiwa na ngozi tupu nitamwozea nani mke?"

Mkewe, Mama Kabula, alituletea maji kwenye kibuyu. Yalikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, kiongozi wa nyimbo za kijiji kile, na sauti yake hata akisalimia ilisikika mji wa tatu.

"Kunywa, Baba Mwajuma," akaniambia, maana jina la mwanangu wa kwanza alikwisha kulidai kabla sijakaa. "Haya ndiyo maji tunayogombania. Usiyatazame sana, utashindwa kunywa."

Tulichimba kesho yake, mwanangwa na Ng'wandu wakitazama. Ilikuwa kiangazi, sakafu ya lambo imekauka juu, chini bado laini. Kanuni yangu ni hii: usizungushe keekee kwa nguvu za bega, iache izame yenyewe, na kila inapojaa itoe wima bila kuitikisa. Kila kilichotoka tulikilaza kwa mfuatano juu ya bati lililokunjwa mfano wa mfereji, mpaka lambo zima kutoka juu hadi chini likawa limelala juani mbele yetu.

Chini kabisa ulikuwa mfinyanzi mweusi, ardhi yenyewe kabla ya jembe. Juu yake matabaka membamba ya kijivu, moja juu ya jingine, na ndani yake mabaki ya samadi. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo. Ng'ombe walikuwepo, samadi yao ilionekana kwa macho, na tope waliloshusha lilikuwa kidogo. Kisha ukaja mstari mweusi wa mkaa na majivu, unaokatika kwa kidole. Na juu ya mkaa, mpaka juu kabisa, mchanga mwekundu mtupu wa mlimani, mnene, hauna samadi ya kutosha kunusa.

Bwana Miwani alipiga magoti, miwani ikamdondoka matopeni. Aliipangusa kwa shati, akatazama mlima, akatazama mkaa. "Huu mkaa umetoka wapi?"

"Watu hupika, bwana," akasema mwanangwa.

Elikana aliuponda kidogo kwa vidole, akaulamba. Njiani kurudi alimfuata Ng'wandu akamuuliza faraghani, nami nikiwa nyuma yao nimebeba bati.

"Mzee, mlima ule uliungua lini?"

"Mimi sijui habari za mlima."

"Mlima uko mbele ya zizi lako."

Ng'wandu alisimama. "Sikiliza, bwana. Nikisema mimi, kijiji kizima kitasema nimewauza ili nibaki. Nitabaki, ndiyo. Nani atanizika?"

Hapo nilijisikia vibaya kweli kweli. Nilikuwa nimelizoea shauri hili kama kazi, na mtu huyu alikuwa amepewa kuchagua kati ya ng'ombe wake na majirani zake. Elikana hakumsukuma tena.

Baraza lilikaa kesho yake asubuhi, wanaume mbele, wanawake upande. Bati letu liliwekwa katikati watu walione. Mwanangwa alisema maneno marefu kuhusu kwato. Kisha Bwana Miwani akaonyesha matabaka kwa kijiti, moja moja, Elikana akitafsiri, akauliza tena habari ya mkaa. Watu walitazama vidole vya miguu yao. Nilimwona Ng'wandu amefumba mdomo kama aliyeshonwa.

Ndipo Mama Kabula akasimama. Wote tulidhani atalia, ni mke wa mshitakiwa. Badala yake akapiga kofi moja, akaanza kuimba:

*Wa ng'ambo wamechoka, wameacha mti,*
*sisi tumesafisha mpaka mdomo wa maji,*
*hata fimbo ya kuchungia huipati korongoni!*

Wimbo ulikuwa unajulikana. Wanawake waliuitikia kabla hawajafikiri, mmoja akapiga kigelegele, vijana wakaanza kutingisha mabega. Mzee mmoja wa upande wa pili wa korongo hakuvumilia. Aliinuka fimbo juu.

"Uongo! Uongo mtupu! Mti wa mwisho pale korongoni tuliukata sisi, na tukauchoma sisi, na kila mtu anajua!"

"Mliukata jioni, sisi tulikwisha kumaliza!" akajibiwa kutoka nyuma.

"Nani amemaliza? Upande wenu tuliwasaidia!"

Walibishana hivyo kwa muda wa kutosha, kila upande ukidai kwa kiapo kwamba ndio uliolimaliza lile korongo, mpaka mmoja mmoja wakaanza kutazama lile bati na mstari wake wa mkaa. Kelele zikapungua zenyewe. Mama Kabula alikuwa amekwisha kukaa, anajipepea kwa upande wa khanga.

Ni hivi. Wakati wa vita ofisi iliagiza mlima ufyekwe kufukuza mbung'o. Wasukuma hawafyeki wala hawalimi mmoja mmoja penye kazi kubwa, hufanya kwa vikundi na ngoma, vikundi viwili vikishindana, na atakayeshindwa ataimbwa mwaka mzima. Agizo lilisema miti ya kando ya korongo iachwe ishike udongo. Lakini kikundi kimoja kilipewa mkono wa kulia wa korongo na kingine mkono wa kushoto. Korongo ndilo lililokuwa mpaka. Nani angeacha mti mpakani, mbele ya macho ya mshindani wake, aimbwe kwamba alichoka? Kwa hiyo mahali pekee palipotakiwa kuachwa ndipo palipofyekwa na vikundi vyote viwili, hadi mizizi, wakachoma na visiki. Mvua ya kwanza ikakuta mlango wazi.

"Na mpaka huo nani aliuweka korongoni?" akauliza Bwana Miwani.

Mwanangwa alikohoa. "Ofisi, bwana."

Bwana Miwani alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Basi na sisi tumo," akasema. Elikana alilitafsiri neno hilo polepole, akalirudia, wote walisikie. Nimefanya kazi na wakubwa wengi, weusi kwa weupe, na neno hilo sijalisikia mara nyingi.

Amri ya kumhamisha Ng'wandu ilifutwa. Ningependa kuishia hapo, lakini lambo halikujua kwamba shauri limekwisha. Mvua zilipokuja maji yalitandaa juu ya mchanga ule mwekundu, na kabla ya mavuno yalikuwa yamekauka. Walijaribu kulichimba upya, korongo likalijaza tena. Ng'wandu aliuza baadhi ya ng'ombe na waliobaki akawaswaga magharibi kwa hiari yake, kule kule alikokataa kupelekwa. Nilikutana nao Tinde barabarani, vijana mbele, mbuzi nyuma, Mama Kabula amejitwika mawe ya kusagia.

"Nimeshinda shauri, Baba Mwajuma," Ng'wandu akaniambia, "nimekosa maji."

Nilimpa mkono, naye akasema wabeja, asante yao Wasukuma, na sijui alinishukuru kwa lipi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi za kawaida. Elikana alirudi kwao Ukerewe, akaniachia keekee ile. Ile alama ya moto ni ya siku aliyoisahau jikoni, akaniambia niseme ni alama ya ofisi. Nami nikapelekwa Geita. Watu wa Usukuma walikuwa wanamiminika huko kwa mamia, wanafyeka pori, wanalima pamba. Upande wa milima ya dhahabu mashine za kusaga mawe zilinguruma mchana, na sokoni ungesikia kila lugha ya nchi hii. Kazi yangu ilikuwa kupima wapi palimwe na wapi paachwe.

Nilimkuta Ng'wandu kando ya ziwa dogo lililozungukwa na mafunjo na miti mirefu. Ng'ombe wake wengi walikuwa wamekufa njiani na mwaka wa kwanza, kama alivyosema. Waliobaki walikuwa wamezaa. Alikuwa amezeeka, lakini tumbaku ilikuwa ile ile, na siku hiyo ngoma zilikuwa zimekwisha kuwambwa. Vikundi viwili vya vijana, majembe na mashoka begani, vilikuwa tayari kufyeka ufuko.

"Mpaka wenu uko wapi?" nikauliza.

Kijana mmoja alionyesha kwa shoka: kijito kinachoingia ziwani. Kilionekana wazi, alisema, hakuna atakayebishana.

Ng'wandu alinitazama. "Ngoma zisubiri," akawaambia vijana. "Baba Mwajuma, lichome hili ziwa kwa keekee. Nataka nijue lina tabia gani."

Tuliingia kwenye matope ya ukingoni na keekee, tukaunga fimbo juu ya fimbo kuirefusha. Matope yalitoka meusi, mazuri, yananuka majani ya kuoza. Meusi tena, na meusi tena, mpaka nikaanza kuchoka. Kisha, chini sana, keekee ikaleta mchanga mwekundu na mkaa. Nilishtuka. Hapakuwa na mtu aliyekumbuka kuwa pale pamewahi kufyekwa. Ndani ya ule mkaa kulikuwa na kipande kizito chenye matundu. Mzee mmoja Mzinza, jirani yao, alikigeuza mkononi akakitambua mara moja.

"Mavi ya chuma. Wahunzi wa zamani. Walikata miti wakachoma mkaa wa kuyeyushia, wakafua majembe. Yalibebwa mpaka Usukuma."

"Basi jembe la babu yangu huenda lilitoka hapa," akasema Ng'wandu. Alikipima kile kipande kiganjani. "Nao waliijaza nchi tope kama sisi. Na ziwa likapona?"

"Likapona. Yale meusi yote ya juu ndiyo kupona kwake."

"Lilipona wakiwepo, au walipoondoka?"

Ningeweza kumwambia matope hayasemi hilo. Lakini nilikuwa nimeliona: weusi ulianza pale mkaa ulipokoma. "Walipoondoka, mzee."

Kisha akasema, kwa hasira ambayo sikuwahi kumwona nayo hata barazani, "Mimi nimekwisha kuondoka mara moja. Siondoki tena." Akawageukia vijana. Mpaka ukahamishwa juu, kwenye kiuno cha mlima, mbali na maji. Upande wote wa ziwa na kijito akaufanya ngitili, ile hifadhi ya majani ambamo Wasukuma hawaingizi ng'ombe mpaka kiangazi, akasema mti wa humo hautakatwa na kikundi chochote. Vijana walinung'unika kwamba ushindani umeharibika. Mama Kabula akawaambia watapewa wimbo.

Kabla ya kustaafu niliomba safari moja ya mwisho, na wenye ofisi wakadhani nakwenda kuaga wachimba dhahabu. Ng'wandu alikuwa amefariki. Vijana wake wote wanne walikuwa na wake, mashamba yamepanda hadi mlimani, na ufuko ulikuwa bado na miti yake. Watoto walikuwa wakicheza wanaimba, nami nikasimama kusikiliza:

*Nani ameogopa kushindwa, akakata mti wa maji?*
*Mwacheni apumzike, huyo ameshindwa tayari!*

Mama Kabula alitoka akitegemea fimbo. Sauti ilikuwa ile ile ya mji wa tatu.

"Baba Mwajuma! Umekuja kutufukuza?"

"Nimekuja kuchimba matope tu, mama."

"Ni hayo hayo," akasema, tukacheka sote wawili, tukimkumbuka aliyelisema kwanza.

Nilichimba pale pale. Safari hii sikuhitaji kwenda chini, nilitaka tabaka la juu tu, miaka ile waliyokaa wao. Niliitoa keekee wima, nikailaza kwenye majani, nikaufungua udongo kwa kidole gumba. Nikauonja pia, ili Elikana asinilaumu huko aliko.

"Yanasemaje?" akauliza.

"Meusi, mama."

"Mpaka juu?"

"Mpaka juu."

Nilianza kuifuta keekee kwa kitambaa. Yeye aliendelea kuyatazama yale matope kwenye majani, kisha akatazama ng'ombe waliokuwa wakinywa, na moshi wa nyumba za wanawe, na njia inayokwenda kwenye kaburi la mumewe.

"Meusi," akasema. "Na sisi tupo."